Saa Sabini na Mbili

Jumamosi ya malipo, Gongoni.
Msimamizi katuita mmoja mmoja,
noti zake zimeshika chumvi kama nyayo zetu.
Miguu yangu ina nyufa za kuingiza kidole;
tembo pekee ndilo linalonisahaulisha mwasho.

Mangweni kwa Mbeyu tulikalia ndoo zilizopinduliwa.
Kibuyu cha kwanza nilikinywa kwa kiu,
cha pili kwa ajili ya Lusweti, aliyepata mtoto kwa simu,
cha tatu sikumbuki kilikuwa cha nani.
Kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho,
mpira niliopewa getini tangu mvua za vuli
ulikuwa umelainika kama peremende.
Sikuutoa. Mlevi hufungua mlango kwanza,
ndipo aulize ni nyumba ya nani.

Ilikuwa saa tano usiku. Hilo nalikumbuka:
jenereta ya kiwanda huzimwa saa tano.

Jumapili zahanati imefungwa.
Jumatatu msimamizi: ukienda, siku yako hailipwi.
Nikakokota chumvi, nikahesabu saa
kama anayehesabu magunia ya mwenzake.
Lusweti alininong'oneza: "Kuna vidonge,
lakini visipite saa sabini na mbili. Kimbia."

Jumanne, saa nne asubuhi, niko kwenye benchi.
Bado kumi na tatu, nikajiambia.
Nimewahi.

Muuguzi Kanze alinidunga kidole.
Kipimo kimoja. Kisha cha pili, cha kuhakikisha.
Akavigeuza vyote kunielekea:
mistari miwili, na miwili,
mikongwe kuliko Jumamosi.

"Vidonge ulivyovifuata si vyako," alisema.
"Vyako ni vingine, vya kila siku, na utaishi navyo.
Hizo saa ulizokuwa ukizihesabu,
ni za nani?"

Nilifungua mdomo. Likatoka jina moja tu,
jina la mangweni, lisilo na la baba.

Sasa napita kando ya vilima vya chumvi,
jua linavipiga hadi macho yanauma.
Nyumbani Webuye kuna simu ya kupiga;
hiyo itangoja usiku.
Nina karatasi yenye mhuri
na ulimi mzito kuliko gunia.

Mbeyu anachuja la asubuhi. Ananiona, anacheka:
"Leo mapema! Nikumiminie?"

Keti kwanza, Mbeyu.
Zimebaki saa kumi na moja.