Moshi wa Ziwani

Miaka tisa nilikuwa mtu wa barafu.
Nilikata minofu ya sangara kwa glovu mbili mbili,
vidole vikafa ganzi, nikavizoea hivyo.
Kiwanda kilipotupunguza nikasema: sasa nataka joto.
Nikanunua oveni ya mtumba, mlango umepinda kidogo,
nikaiweka chumba cha nyuma, Kirumba,
dirisha likitazama ziwa.

Leo Ijumaa. Kesho kipaimara cha mtoto wa Nyanjige,
keki ya ngazi tatu, na advansi nimeshaila
(yaani nimeinunulia siagi; kidogo nimeila kweli).
Nabonyeza, nazungusha. Ta, ta, ta,
cheche inaruka kama mgeni anayekataa kuketi.
Moto hauji.

Mtungi nikaunyanyua: mzito bado.
Nikauinamia sikio hata hivyo, kama mkunga.
Regulata imefunguka.
Mpira nikaupaka povu la sabuni
toka shingo ya mtungi hadi kisogo cha oveni,
nikangoja. Hakuna kilichopumua.
Jirani yangu Bwire akapitisha kichwa mlangoni:
"Ipige kofi tu. Ya kwangu huwa inasikia."
Ya kwake ni redio.

Mbuke, binti wa dada yangu, kashika tochi ya simu.
"Mjomba, harufu."
Tukafunga mtungi, tukaacha dirisha wazi, mlango wazi,
tukakaa kibarazani kama waliofukuzwa
hadi hewa ibadilike.

Huko majini, ng'ambo ya mawe, nguzo ya moshi ilisimama,
kahawia, ndefu, ikiyumba pasipo upepo.
Mgeni angesema kuna mtumbwi unaungua.
Pafukapo moshi pana moto, ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini ule si moshi. Ni wadudu wa ziwani,
waliozaliwa jana, watakaokufa kesho,
hupanda kwa mamilioni kuoana hewani,
na upepo ukigeuka huja kulala kwetu:
kwenye taa, kwenye chai,
kwenye kinywa cha anayecheka.
Wiki jana walikuja. Nilifagia nusu debe.

Nusu debe, nikawaza.
Na wale ambao sikuwafagia?

Nikang'oa sakafu ya oveni, skrubu nne,
ya mwisho imekula kutu, ikadai mafuta ya taa na matusi.
Bomba la moto hili hapa, matundu yake kama filimbi.
Nyuma yake pua ya shaba, na tundu lake dogo
kuliko herufi ya chini kabisa kwa daktari wa macho.
"Mulika."
Mle ndani walikuwa wamebanana, wakavu,
rangi ya majivu yasiyopitia motoni.
Moshi wa ziwani ulikuwa umeukaba moto wangu koo.

Sindano niliiweka kando. Sindano hupanua tundu,
na tundu likipanuka moto huwa wa njano, mlafi, wa masizi.
Nilitumia unywele mmoja wa brashi ya viatu, na pumzi.
Kisha nikafunga, nikawasha, nikashikilia kitufe,
maana kuna askari mle, kijiti cha shaba, thamokapo,
haruhusu gesi kupita mpaka apashwe joto.
Nikahesabu kumi. Nikaachia. Ukazimika.
Thelathini, kidole kikiuma, kidole kilekile cha barafu,
nikaachia kama mtu anayemlaza mtoto
ambaye amesinzia lakini bado anasikia.

Ukabaki. Wa bluu, mfupi, unanong'ona.

Mbuke akaenda kufunga dirisha. Nikamzuia.
Gesi inataka dirisha wazi,
na wadudu wanataka dirisha lilelile.
Uvunguni nikatoa kipande cha wavu wa dagaa,
macho yake madogo hata sheria ina neno nayo,
tukakipigilia misumari kwenye fremu.

Saa tano usiku ngazi ya kwanza ilitoka
imeinamia kushoto.
Upande huo utatazama ukuta.