Nyota ya Tatu, Ngongo

Mwaka ule Nane Nane iliangukia Jumapili,
na Mchopa, anayeinusa faida kabla sikukuu haijafika,
akabandika makaratasi toka Mingoyo hadi Mitwero:
BENDI YA WAYAHUDI. SIKU NNE. VIWANJA VYA NGONGO.

Watu walitegemea Wazungu wenye ndevu.
Basi likashusha watu saba weusi kama sisi,
wa milimani Mbale, Uganda,
miguu imevimba kwa siku tatu za njia,
na litungu lao limefungwa kanga kama mgonjwa.
"Ni Wasabato?" akauliza mke wa Mchopa.
"Siku tumefanana," akajibu mkubwa wao, Wasukira,
"kanisa ndilo hatuna."

Mimi ni mtu wa jenereta na spika.
Miaka kumi na mmoja nauza kelele:
arusi, kampeni, unyago, mpira.
Nyumbani nikiulizwa jambo najibu "Eee"
kabla sijasikia.

Alhamisi walipiga, tena walipiga.
Litungu likanung'unika chini ya gitaa,
Tirza akaimba zaburi kwa Kigisu,
na kina mama wa Kimwera, wasioshika hata neno,
wakamchomekea noti kwenye kilemba.

Ijumaa, jua limeegemea banda la korosho,
wimbo uko katikati,
Wasukira akapitisha kidole shingoni: zima.
Mchopa akaja mbio, vitabu vya tiketi vinapepea.
"Usiku ndio pesa! Nimewalipa!"
"Ya leo tutakurudishia," Wasukira akasema.
"Jua ndilo hatuwezi kulirudisha."
Mchopa akanigeukia mimi,
kana kwamba swichi ya jua nayo ninayo.

Nikazima.

Sijui kama umewahi kusikia jenereta ikinyamaza Ngongo.
Kwanza masikio yanaendelea kuunguruma yenyewe.
Kisha vitu vinaingia, kimoja kimoja, kwa kubisha hodi:
ng'ombe wa maonyesho anacheua,
mtu anahesabu chenji mbali,
na gesti, nilipowapelekea mabegi,
njiti ya kiberiti ya Tirza,
mshumaa wa kwanza, mshumaa wa pili,
jua bado halijazama.

Nilifika nyumbani kabla ya isha. Somoe akashtuka.
Tukala. Hatukuwasha redio.
Ndipo nikakisikia kifua cha Likanga, mwanangu,
kikipiga filimbi nyembamba kila akivuta pumzi.
"Tangu lini?"
"Tangu masika," Somoe akasema. "Nilikwambia."

Jumamosi asubuhi nilikaa foleni hospitali
na mtoto mapajani, filimbi yake kifuani pangu.

Jioni uwanja ukajaa, na bado hawapigi.
"Nyota tatu zikionekana," alisema Wasukira.
Hilo halikutaka mkalimani.
Lindi tunajua kungojea anga;
tumewahi kubishania mwezi hadi pilau ikapoa.
Ya kwanza aliiona muuza mishikaki.
Ya pili, uwanja mzima.
Ya tatu ikaleta ugomvi:
Ile! Hiyo taa ya mnara wa simu.
Ile! Hiyo ndege inakwenda Mtwara.
Mchopa mwenyewe akapanda juu ya spika yangu,
shingo ameivuta, anatafuta
kama mtu aliyedondosha funguo juu.
"Pale! Kushoto kwa mnara! Palee!"
Alikuwa amesahau tiketi. Niliapa hivyo kwa Somoe, hakuamini.

Nikavuta kamba ya jenereta.

Ya Jumapili siyakumbuki vizuri:
vumbi, mkuu wa wilaya, trekta lililovishwa maua,
na Wasukira akihesabu noti za Ijumaa
kwenye kiganja cha Mchopa, moja moja, hadi ya mwisho.

Ijumaa iliyofuata nilikodiwa arusi Mingoyo.
Saa kumi na mbili na nusu
mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye swichi.
Nikaukuta umefika.
Nikaurudisha.
Bibi arusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia.