Kizibo

Mimi ni mtu wa Uyole. Maji niliyoyazoea
ni ya ndoo, ya mvua, na ya viazi vikichemka.
Boti niliinunua kama wengine wanavyonunua ng'ombe:
jirani aione.

Miaka miwili ilikaa uani chini ya turubai,
nyeupe, imeelekeza pua Loleza.
Kuku walitagia kwenye kiti cha nahodha.
Jioni nilipanda, nikashika usukani,
nikawavusha wajukuu hadi banda la mbuzi na kurudi,
bila ajali hata moja.

Ubavuni niliandika TUSEKILE kwa rangi ya bluu,
jina la mke wangu. Kwetu maana yake tumefurahi,
au tumecheka. Inategemea nani anatamka
na wewe umesimama wapi.

Siku ikafika. Tukaivuta kwa gari la shemeji.
Tukuyu ikanyesha, kama Tukuyu inavyonyesha,
na boti ikajaa kabla hatujamaliza chai.
Nikachuchumaa matopeni nyuma ya injini,
nikang'oa kizibo, maji yakatoka
kwa mkojo mrefu wa fahali.
"Baba, umefikiria," akasema Anyosisye.
Nikajiona mhandisi.
Kizibo nikakitia mfuko wa shati
pamoja na risiti ya mafuta.

Matema, Jumamosi, siku ya vyungu.
Akina mama wa Kikisi wanashusha mzigo wa Ikombe
kutoka kwenye mitumbwi ya gogo moja
isiyo na injini, isiyo na jina,
isiyo na tundu.
Mimi nina kofia yenye nanga ya dhahabu.
Mchungaji Mwakatobe akaiombea injini, akayaombea mafuta,
akawaombea wote wasafirio majini.
Kizibo hakukitaja. Simlaumu.

Kwanza nilisahau kufungua mkanda.
Nikakanyaga mwendo, boti ikaondoka na tela lake,
mtoto kang'ang'ania kanga ya mama.
Shemeji akapiga kelele. Tukafungua, tukaanza upya.
Watu ufukweni wakakaa chini, wakajipanga,
wameshajua kuna sehemu ya pili.

Hatua mia hivi majini, Tusekile akasema:
"Baba Anyosisye, miguu yangu imelowa."
Ni soda, nikamwambia.
"Soda ipi? Hatukuja na soda."
Basi ni jasho. Boti za namna hii hutoa jasho.
Neno hilo sikulitoa popote, lilikuja lenyewe,
huwajia wanaume wenye kofia.

Maji yalipogusa goti nikaamuru nanga.
Anyosisye akairusha mbali, alivyofunzwa JKT.
Ikaenda vizuri sana.
Kamba ilibaki hapa, miguuni petu,
imekunjwa kwa ustadi, haijafungwa kwenye kitu chochote.
Tukaitazama ile kamba.

Mama mmoja wa Ikombe akapiga kafi taratibu,
mtoto mgongoni, vyungu hadi ukingoni.
Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
Akaninyooshea chungu. "Chota."
Nikachota. Nilitoa Nyasa botini nikairudisha Nyasa,
na Nyasa ikarudi kwa njia yake.
Nilipoinama mara ya kumi kofia ikaanguka,
na kutoka mfukoni, tik,
kizibo kikadondoka ndani ya chungu.

Tulivutwa hadi mchangani na mtumbwi,
nyuma imezama, pua juu,
ubavu mzima nje kama ubao wa darasani.
Watoto wakaanza kusoma herufi moja moja,
kisha ufukwe wote, kwa sauti:
Tu-se-ki-le.
Mke wangu akaitika.
Halafu naye akacheka, akakaa kwenye mchanga,
akacheka hadi akashika ubavu.

Chungu nililipa elfu nane.
"Kikishachota boti," alisema yule mama, "si cha kuuza tena."
Kiko kabatini, kizibo ndani yake.

Kuku wamerudi kwenye kiti chao.
Na kila asubuhi nikishika kitasa cha mlango,
hata kama ni kanisani, hata kama ni msibani,
sauti hutoka jikoni:
"Kizibo?"
"Kipo," najibu,
na kweli najipapasa mfukoni.