Mkazo

Jana asubuhi mama yangu, Dieuwke,
alisimama katikati ya Haarlem, mji aliozaliwa,
mkono kwenye nguzo ya taa,
baiskeli zikimpita kulia na kushoto,
akaniuliza hapa ni wapi.

Mfukoni mwa koti lake nikatoa ganda la mkate.
Huwa anaficha. Siku zote ameficha,
hata enzi zile akifundisha hesabu,
friji imejaa jibini, kabati limejaa unga,
na kichwani hesabu za kugawanya, kali kama wembe.

Mama hakuiona njaa. Njaa ndiyo iliyomwona.
Alikuwa tumboni majira ya baridi ya arobaini na nne,
treni zimelala, mifereji imeganda,
na bibi yangu Neeltje anachemsha vitunguu vya tulipu,
anakitoa kile kiini cha njano kwa ncha ya kisu
maana walisema kina sumu,
na kilichobaki kilikuwa na ladha ya vumbi lililolowa.
Alikula kwa niaba ya wawili.
Hakikumtosha hata mmoja.

Aisifuye mvua, wanasema, imemnyea.
Na huyu je, aliyenyeshewa kabla hajaota ngozi?

Daktari Oosterling anatuonyesha picha ya ubongo.
Anaongea polepole, kama mtu aliyebeba sahani za wenyewe:
jeni hazikubadilika, herufi ni zilezile.
Kilichobadilika ni alama juu yake,
vitone vya kemia vinavyoamuru
hapa soma, hapa ruka.

Namwelewa kwa njia yangu.
Chukua neno barabara.
Rudisha mkazo silabi moja nyuma,
njia inageuka sawasawa:
barabára, barábara.
Hakuna aliyegusa herufi.

Baridi ile ilisogeza mkazo.

"Ndiyo sababu anasahau?"
"Labda," anasema. Kisha: umri, mishipa, usingizi, sigara za zamani.
Kwa maelfu ya watu tunaona kivuli.
Kwa mtu mmoja, siwezi kukuapia.
Nampenda kwa labda hiyo.
Kwa labda hiyohiyo namchukia.

Usiku nampigia Fenna, binti yangu, kule Groningen.
Mimba yake ina miezi minne. Anakula samaki na matango ya siki,
anacheka mdomo umejaa.
Nimwambie nini?
Kwamba yai nililotokea mimi
lilikuwa tayari ndani ya mama, na mama ndani ya Neeltje,
sote watatu tumeketi kwenye sufuria moja
tukingoja vile vitunguu viive?
Namwambia avae soksi.

Mama amelala. Natundika makoti.
Mkono wangu unaingia mfukoni kutafuta funguo
na kukuta kitu kikavu, chenye kingo.

Sikumbuki kukiweka.

Huenda koti ni la mama.
Yanafanana, yote mawili ni ya kijivu.
Nasimama pale kwenye korido, taa haijawashwa,
nakitafuna taratibu mpaka kinalainika.