Mikorosho Haitokei

Uniti tatu nukta mbili zimebaki kwenye luku,
na ukungu wa Newala umeketi dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nawasha mchezo. Lori langu linanguruma,
barabara inajikunjua, nyeusi, safi,
na kando yake
misonobari.
Misonobari tena, miti ya nchi za theluji,
imesimama wima kama askari wa gwaride,
ilhali mimi nimeweka mikorosho.

Niliipiga picha mmoja mmoja, kule Mkunya,
kabla mnunuzi hajaja na kamba yake ya kupimia:
gome, tawi, jani la juu, jani la chini,
bibo jekundu, bibo la njano,
na ule mti wa tatu kutoka njiani, uliopinda mgongo
kwa sababu kaka yangu Likwata aliufanya bembea.
Miezi minne nimekata, nimepaka, nimeunga,
hadi betri ya simu ikavimba.
Leo mchezo unanitazama usoni na kusema:
sijaona kitu.

Haya. Tuanze upya, polepole.
Toleo la mchezo? Ndilo.
Jina la faili? Nimelisoma kwa sauti, herufi kwa herufi,
kama mtoto wa chekechea. M kubwa nimeifanya ndogo.
Kwenye orodha, modi yangu ina tiki.
Nimeipandisha juu ya wenzake, nikaishusha chini yao,
maana modi nazo hufunikana,
na inayoonekana ni kanga ya juu tu.
Nimefuta kumbukumbu za zamani,
kompyuta hii hupenda kuishi na ya jana.
Nimezima.
Nimewasha.
Misonobari.

Uniti moja nukta tisa.
Mama anapita na ndoo ya maji, anachungulia.
"Bado haijafika?"
Anaiulizia kama jamaa wa arusi waliokwama Kitangari.
"Bado, mama."
"Ipige kofi ubavuni. Redio ya marehemu baba yako
ilikuwa inasikia kofi."
Sikuipiga. Nilifikiria, lakini.

Saa kumi za alfajiri, macho yakiwasha,
nafungua folda ya modi. Ndani yake kuna folda.
Jina lake lilelile.
Na ndani ya hiyo ndimo ilimo miti yangu yote,
imekaa kimya, imejipanga.
Nilipofungua kifurushi kilijivika kifurushi kingine,
na mchezo ukifika hubisha mlango wa kwanza,
ukikuta ukumbi mtupu hugeuka zake.
Haukufundishwa kuingia hadi uani.
Siku tisa! Kwa mlango mmoja!
Naivuta miti nje kwa kidole.

Ikaja. Mikorosho, kweli,
lakini ya pinki, pinki ya ndoo ya plastiki,
gome pinki, mabibo pinki, hadi mizizi.
Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka.
Maumbo yamefika, rangi zimeachwa njiani:
picha zangu zilipita kipimo.
Nikazipunguza, moja baada ya moja,
luku ikishuka, jogoo wakipokezana.

Nukta nne.
Bi Somoe amekaa ukingoni mwa kitanda changu,
mikono bado ina unga wa mtama.
Naendesha lori taratibu kuliko sheria yoyote.
Anahesabu kwa midomo, bila sauti.
Kwenye mti wa tatu ananishika bega, nasimama.
Lori nyuma yangu linapiga honi, linapiga honi,
nani analijali.

"Kivuli," anasema.
"Kivuli?"
"Kimekosea upande. Asubuhi kivuli cha mti huu
kilikuwa kinalalia njiani,
mpaka pale nilipokuwa natua kikapu."

Naandika kwenye daftari: kivuli, upande wa njia.
Luku inaanza kulia.
Mama anafungua fundo la kanga,
anahesabu sarafu, anazihesabu tena.