Waya wa Sentimita Kumi

Mbukwa, Mika. Kabla hujagusa chochote, simama.
Sikiliza mtambo kama unavyomsikiliza mgeni mlangoni
kabla hujamfungulia.
Kompresa nzima hunguruma kwa sauti moja, nene,
kama jiwe la kusagia uwele nyumba ya jirani.
Ikianza kugonga, usingoje kuelewa.
Bonyeza kile kitufe chekundu.

Hapa Hombolo watu hudhani tunatengeneza baridi.
Hakuna atengenezaye baridi.
Zabibu iliyokamuliwa hujipasha yenyewe,
inachacha, inapumua, inataka kuchemka;
kazi yetu ni kulibeba lile joto,
kulitoa tangini, kuyapa maji,
maji yaikabidhi gesi, kompresa iiminye gesi,
na kondensa kule nje ilipeperushe
juu ya mashamba yaleyale zilikochumwa.
Kisha gesi, imekwisha kuwa kimiminika,
hupenya tundu la valvu, jembamba
kuliko sindano ya kushonea magunia,
ikatokea upande wa pili inatetemeka, tayari kubeba tena.
Ni hamali tu, Mika. Hamali asiyelala,
asiyelipwa ila kwa mafuta na usafi.

Usafi: mwezi wa nane upepo wa huku haubembelezi.
Vumbi jekundu huziba mapezi ya kondensa
mpaka presha ikapanda na mshale wa geji ukatetemeka.
Yaoshe Jumamosi, maji polepole, kutoka ndani kwenda nje,
feni zimezimwa, kufuli yako kwenye swichi kuu,
ufunguo mfukoni mwako.
Si kwa Ndahani, si kwa mlinzi.
Mfukoni mwako.

Umeme ukikatika, nao utakatika,
usiuwashe mtambo kwa hasira.
Pampu kwanza. Ngoja maji yazunguke, uyaone kwenye geji.
Ukikatika usiku kucha, iache hita ipashe mafuta ya kompresa
hata kama meneja anatembea nyuma yako
akitazama saa.

Na ukihisi kichwa chepesi humu ndani, toka.
Gesi hii haina harufu ya kukuonya;
hujaa kuanzia sakafuni, kama maji kwenye karai.
Usirudi kuchukua simu.

Sasa, huo waya unaouona msumarini.
Mficha uchi hazai.
Ni mimi, Sechelela, niliyeukata,
Agosti ya mwaka wangu wa pili.
Swichi ya mtiririko ilikuwa inauzima mtambo kila dakika kumi,
tangi namba tano limefika nyuzi thelathini na tatu,
matrekta yamepanga foleni getini.
Nikasema swichi ni mbovu. Nikaiunga juu kwa juu:
shaba, ganda la njano, sentimita kumi.
Kimya. Nikajisifu. Nikamimina chai.

Swichi haikuwa mbovu.
Chujio lilikuwa limejaa kutu, maji hayapiti,
nayo ilikuwa inasema hivyo, inarudia,
kama mtoto anayejua jambo
ambalo wakubwa wamechoka kulisikia.
Na mwezi mzima tulikuwa tunaongeza maji matupu
palipotakiwa glaikoli.
Saa tisa usiku nikasikia mlio mmoja, mdogo,
kibuyu kimekanyagwa.
Mabomba ya ndani yameganda, yamepasuka,
maji yameingia njia ya gesi,
kompresa ikayameza, ikafa.

Lita elfu nane zikawa siki.
Matika Chilongani, aliyeleta kreti mia mbili
na bado hajalipwa, alikuja kuona.
Akachovya kidole. Akaonja.
Akasema, hii ilikuwa ada ya Yona.
Hakusema lingine, akafunga kitenge, akaenda.

Sikufukuzwa. Nilipewa chujio:
kulifungua, kulisugua, kulirudisha,
kila Jumatatu, mwaka wa sita huu.

Leo ni Jumatatu.
Ni lile la kushoto, lenye boliti nne.
Funga valvu zote mbili kwanza.
Brashi iko chini ya meza.