Mintarafu: Sala ya Gwaride

Mkuu ameniachia karatasi yenye nembo ya shule
na maneno ya kuanzia: "Umeonywa mara mbili."
Mengine, kasema, wayajua. Piga chapa.

Nayajua.
Kila Jumatatu, Julai hii ya baridi ing'atayo masikio,
Mwalimu Nyamweya husimama chini ya mlingoti,
huvua kofia yake ya sufu,
na kabla bendera haijafika juu
yeye keshafika mbinguni, na watoto mia sita
kawabeba, watake wasitake.

Nilikuwa dirishani ile siku ya Nasteho.
Hakucheka, hakukataa. Alisimama macho wazi
akimtazama kunguru juu ya tangi la maji.
Kwa macho hayo akaitwa mbele.
Kesho yake babake akaja na Katiba,
ukurasa umekunjwa pembeni,
kama mtu aliyerudi dukani kudai chenji.

Haki yake. Nimeandika hivyo: haki yake.

Ila aya ya pili imenigomea vidoleni.
Mwaka juzi Shafi wangu alipolazwa Mbagathi,
kifua kikikwaruza kama mlango wa bati,
Nyamweya alimtaja kwenye gwaride,
jina lake, na la babake marehemu,
akasema: Mama wa ofisini ataomba kwa njia yake,
sisi kwa yetu, Wewe huna foleni mbili.
Nilikuwa mlangoni mwa stoo na katoni ya chaki.
Nikaitikia amina. Mimi, binti wa Kibra,
mjukuu wa muadhini.
Hakuna aliyekagua macho yangu.

Ndipo hapo sasa. Hakuna aliyekagua.
Mimi mtu mzima, ningeingia stoo nikaanza kuhesabu chaki.
Nasteho ana miaka kumi na mmoja,
na anayemwombea
ndiye anayemsahihishia hesabu.

Basi napiga: "Uko huru kuomba upendavyo,
faraghani, mlango ukiwa umefungwa."
Nafuta hilo la mlango.
Nalirudisha.

Adhuhuri imeingia. Nainuka,
navuta mkeka wangu nyuma ya kabati la faili,
nafunga mlango kwa ufunguo, kama kila siku.
Miaka kumi na mitatu katika ofisi hii,
na leo ndio kwanza najiuliza
ni nani aliyewahi kuniambia nifunge.